Hezi Ngapi Zinamtosha Breki

Benchi limefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya jengo la maduka, kusini mwa mji wa Thunder Bay, Kanada, katikati ya duka la miwani na duka la vifaa vya umeme. Nje ni mwanzo wa Mei, theluji chafu bado imejikunja kwenye pembe za maegesho, na wastaafu hawana pengine pa kukaa bure penye joto. Kijiwe kina wenyewe wanne. Reino Salmela wanamwita Breki. Aliendesha treni za nafaka hadi alipostaafu, na hajawahi kufanya uamuzi bila kuanza kupunguza mwendo kilomita mbili kabla. Osmo Pelto ni Fyuzi: kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme mjini, jambo ambalo kijiweni linahesabiwa kuwa uhandisi. Gerard Thibeault ni Kuponi, kwa sababu anasoma vipeperushi vya madukani kama wengine wanavyosoma magazeti. Wa nne ni Lyle Hrynchuk, Kocha, aliyewahi kufundisha timu ya watoto ya hoki ya barafuni kwa msimu mmoja, wakafungwa mechi zote. Kocha amemwoa Sirkka, dada yake Breki, kwa hiyo Breki humwita shemeji, kwa sauti ambayo si lazima iwe ya mapenzi.

Ijumaa hiyo walikuwa na kahawa kwenye vikombe vya karatasi, sahani ya maandazi yenye sukari ya waridi juu, na tatizo la Breki. Jumanne, katikati ya taarifa ya hali ya hewa, televisheni yake ilikufa nusu. Upande wa kushoto ukawa mweusi, wa kulia ukaendelea na kazi. Mtabiri akabaki ameonyesha kwa mkono mmoja mvua isiyoonekana.

Na Jumamosi ilikuwa mechi ya saba ya mchujo wa hoki, ambayo anayefungwa msimu wake umeisha. Mechi ya saba hutazamwa nyumbani kwa Breki, kwenye chumba cha chini cha nyumba aliyojenga baba yake, chenye sauna, kile chumba kidogo cha mvuke wa mawe ya moto, pembeni ya ngazi kama nyumba zote za Wafini wa mtaa ule. Imekuwa hivyo tangu wote wana nywele.

Breki hakulala vizuri wiki hiyo, na sababu haikuwa hoki. Binti yake Kaija yuko Calgary, mbali huko magharibi. Hupiga simu kila Jumapili na swali lake la kwanza ni lile lile: nani alikuja wiki hii? Amemtafutia baba yake fleti karibu naye, yenye lifti na kibaraza kinachotazama maegesho. Breki hakukataa moja kwa moja. Alisema tu kwamba hawezi kuhama kwa sababu watu wanakuja kwake. Katika wiki za kawaida hilo lina chumvi nyingi. Wiki ya mechi ya saba ni kweli tupu, na humnyamazisha Kaija mpaka majani yaanze kupukutika.

Lakini Krismasi Kocha alikuwa amenunua televisheni ya inchi themanini na tano.

— Hamna haja ya kuhangaika, Kocha alisema. Chumba changu cha chini kipo. Njooni kwangu.

— Nanunua leo, Breki akajibu. Punguzo linaisha leo.

— Unanunua ipi?

— Ndiyo tunaongea hapa.

Kuponi alikunjua kipeperushi juu ya goti. Televisheni zilikuwa mbili, zote inchi sitini na tano, zote nyeusi, zote na watu walewale wanacheka kwenye kioo. Moja iliandikwa hezi sitini. Nyingine, ya bei ya juu, iliandikwa hezi mia na ishirini, na chini yake kwa wino mwekundu: MWENDO 240.

— Hezi ndiyo nini hasa? Breki akauliza.

— Mara ngapi kwa sekunde tivii inachora picha upya, Kocha alieleza. Sitini inachora mara sitini. Mia na ishirini, mara mia na ishirini. Yangu ni mia na arobaini na nne.

— Tunajua yako, shemeji.

— Nasema tu.

— Umesema tangu Krismasi.

— Subirini kwanza, akaingilia Fyuzi. Aliweka kikombe chini, jambo analolifanya tu akiwa na hoja ya umeme. Umeme wa ukutani, nchi hii, ni hezi ngapi?

— Si wewe ndiye fundi? Tuambie.

— Sitini. Toka nazaliwa ni sitini. Haya, Breki anachomeka tivii ya mia na ishirini. Sitini zinatoka ukutani. Hizo sitini nyingine zinatoka wapi?

Lilikuwa swali zuri, kwa namna yake.

— Zinatoka ndani ya tivii, Kocha akasema.

— Zinatoka ndani ya bili! Fyuzi akapiga goti. Mnafikiri taa za mtaa wa Kocha zinafifia kwa nini?

— Zinafifia kwa sababu ya manispaa, bwana.

— Zimeanza kufifia Krismasi.

Kuponi alikuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso na kusogeza karatasi hadi puani.

— Jamani, hapa kwenye mia mbili arobaini kuna kinyota.

— Kinyota cha nini?

— Kinyota kinakupeleka chini kabisa, huku kwenye maandishi ya sisimizi. Yanasema... ngoja... "kipimo hiki ni cha kampuni yenyewe."

— Yaani wamejipimia wenyewe?

— Wamejipimia, wakajipa na alama.

— Kama Kocha na ile timu yake, Breki akasema.

— Wale watoto waliimarika sana! Kocha alikuja juu. Ulizeni wazazi.

— Nimeshaelewa mchezo wao, Kuponi aliendelea. Sikilizeni. Mia mbili arobaini ni mia na ishirini ya kweli. Sawa? Basi mia na ishirini itakuwa sitini. Na sitini ni thelathini.

— Na thelathini?

— Thelathini ni picha ya ukutani.

— Na yangu?

— Sabini na mbili, Kocha. Pole sana.

Kocha alikata andazi vipande viwili na hakula hata kimoja. Breki alimwona na moyo wake ukatulia kidogo, kisha akakumbuka kwamba hata televisheni ya hezi sabini na mbili ni nzima pande zote mbili.

— Chekeni, Kocha akasema. Kisahani cha hoki kikipigwa kinakwenda kilomita mia na hamsini kwa saa. Kwa hezi sitini hukioni. Kinatoka kwenye gongo, kinatokea wavuni, hapo katikati ni imani tu. Mimi nakiona kinavyozunguka. Nasoma mpaka maandishi juu yake.

— Yanasemaje?

— Jina la ligi.

— Hilo hata mimi nalijua, na tivii yangu imekufa, Breki alisema.

— Juzi nilijua goli linaingia kabla halijaingia. Sirkka shahidi.

— Sirkka anatazama hoki siku hizi?

— Alikuwa jikoni. Nikamwita, akaja, ndipo likaingia.

— Hiyo siyo tivii, Fyuzi akasema, hiyo ni mganga.

— Na mimi niwaambie, Kuponi akasema, huku akikunja kipeperushi kwa uangalifu kama mtu anayekunja bendera. Jicho la binadamu linaishia sitini. Ukizidisha hapo unamnunulia mbwa.

— Toka hapa!

— Haki ya Mungu. Jirani yangu kanunua ya mia na ishirini. Zamani mbwa alikuwa analala tivii ikiwa imewashwa. Sasa hatoki. Anakaa anatazama ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu.

— Mbwa anatazama mawe?

— Na jiwe likikosea anabweka.

Fyuzi hakutaka kuachwa nyuma na mbwa.

— Kuna kitu hamjakitaja. Baridi. Chumba cha chini kwa Breki kina baridi, na baridi inapunguza hezi. Mita zangu Januari zilikuwa zinazunguka polepole kuliko Julai. Nimeona kwa macho yangu.

— Macho yako yalikuwa kwenye gari, Breki akasema. Januari ulikuwa unazisoma kwa darubini, hujazima injini.

— Na hakuna aliyelalamika.

— Mimi nililalamika!

Breki alitazama mlango wa duka la vifaa vya umeme. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Kwenye treni alikuwa na ishara za kumwongoza: nyekundu, njano, kijani, na mtu asiyemjua aliyeziweka huko mbele. Hapa alikuwa na Fyuzi.

— Haya, niambieni. Ninunue ipi?

— Sitini, akasema Fyuzi. Inalingana na ukuta.

— Mia na ishirini, akasema Kuponi, ila uwalipe ya sitini, kwa sababu ndiyo ukweli wake.

— Usinunue, akasema Kocha. Njooni kwangu.

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuuma Breki. Kocha alikuwa na mke, mbwa, wajukuu watatu mtaa wa pili, na watu walikuwa wakipita kwake hata bila mechi. Alitaka na mechi ya saba.

Ilikuwa rai ya Kocha kwamba maneno hayatoshi na lazima wakapime. Wakaingia dukani wote wanne na vikombe vyao. Televisheni zilipangwa ukutani, zote zikionyesha asali inamwagika polepole, halafu kasuku, halafu tena asali.

— Hoki iko wapi? Breki akamuuliza kijana muuzaji.

— Hatuonyeshi hoki, mzee. Tunaonyesha hii kwa sababu rangi zinatoka vizuri.

— Kwa hiyo nikitaka kutazama asali, ndiyo hii hapa.

Kocha aliwafundisha kipimo. Unasimama mbele ya kioo, unanyoosha mkono, unautikisa upesi huku na huku. Ukiona vidole vingi, hezi ni chache. Ukiona vitano, nunua. Wakajipanga, kila mtu na televisheni yake, wakatikisa mikono. Fyuzi alihesabu vidole kumi na kimoja kwenye ya sitini na tisa kwenye ya mia na ishirini. Kuponi alipata vinne kwenye zote mbili, lakini Kuponi alikatwa kidole na msumeno siku nyingi. Breki alitikisa mkono hadi bega likamuuma na akaona mkono wake tu, wenye madoa, ukipunga mbele ya kasuku.

— Niwasaidie kitu? muuzaji akauliza.

— Tunafikiri kwanza, Breki alijibu, wakarudi kwenye benchi.

Benchi lilikuwa na mtu. Mwanamke wa umri wao hivi, koti la mvua la kijani, mfuko mapajani, amekaa palepale pa Fyuzi.

— Samahani, nimekaa pa mtu?

— Pa Fyuzi, ila kaa tu, Kuponi alimkaribisha. Hata yeye si pake, ni pa jengo.

— Asante. Nasubiri miwani yangu, wanaweka vioo. Naitwa Noreen. Nimehamia juzi kutoka mji wa Marathon, niko kwa dada yangu. Alitazama duka, akawatazama wao. Nimewaona mkipunga mikono. Nikadhani kuna mtu mnamjua humo ndani.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja: hezi, ukuta, kinyota, kisahani, mbwa, mechi ya saba na nyumba ya Breki ilipo. Noreen alisikiliza kama mtu asiyekuwa na haraka, akakubali kipande kimoja cha andazi la Kocha.

— Ile ya zamani, kabla haijafa, ilikuwa inaonyesha vizuri?

— Vizuri tu, Breki akasema.

— Kwa mia na ishirini ingekuwa vizuri zaidi, Kocha aliongeza.

— Na mwaka jana mechi ya saba mliitazamia hapo hapo?

— Hapo hapo! Fyuzi akasema. Na tulishinda, mama. Goli la muda wa nyongeza. Nyumba ilitikisika.

— Dada yangu bado analisimulia hilo goli. Nani alifunga?

Fyuzi alifungua mdomo. Akamtazama Kuponi. Kuponi akamtazama Kocha, ambaye ndiye mwenye mambo ya hoki.

— Yule... Kocha akasema.

— Yupi?

— Mrefu.

— Wote ni warefu, Lyle, Breki akasema taratibu. Yeye mwenyewe alikuwa anatafuta kichwani na hakukuta kitu. Alikuta kelele, joto, na mgongo wa Fyuzi.

— Mimi nilikuwa nimevua miwani, Kuponi alijitetea. Fremu ya chuma inaunguza.

— Inaunguza wapi? Noreen akauliza.

— Sauna.

— Mlikuwa sauna?

— Tunaingia mapumziko ya kwanza, Kuponi akasema. Breki anakuwa ameipasha toka mchana.

— Na mnatoka lini?

Fyuzi akachora mlango hewani kwa kidole.

— Mlango una kioo, Fyuzi akasema. Tunatazama kupitia kioo. Siyo kwamba hatutazami.

— Hakipati mvuke?

— Kinapata. Kocha ndiye mwenye taulo la kukifuta.

— Taulo lilikuwa kichwani kwake, Breki akasema.

— Ulikuwa umemwaga maji mengi kwenye mawe! Kocha akamgeukia Fyuzi. Masikio yalikuwa yanaungua. Ila goli nilijua ni letu.

— Ulijuaje?

— Mtangazaji alipiga kelele muda mrefu.

Mlango wa duka la miwani ukafunguka, sauti ikaita jina la Noreen. Alisimama, akapangusa sukari kwenye koti, akawashukuru kwa andazi. Aliwaacha vilevile walivyokuwa, tofauti ni kwamba sasa Fyuzi alikuwa na pa kukaa.

Kahawa ilikuwa imebaki ile ya chini, yenye chenga.

— Breki, Fyuzi akasema hatimaye. Yako imekufa upande upi?

— Wa kushoto.

— Kushoto kwako au kwa tivii?

— Ukikaa ukiitazama. Mkono wa kushoto.

Fyuzi alifumba jicho moja, akainua kiganja cha kushoto mbele ya uso kama mtu anayejikinga na jua.

— Niko benchi la juu la sauna. Hiki ni kioo cha mlango. Hapa kushoto kuna nini?

Breki hakuhitaji kufumba jicho. Miaka yote ya treni alikaa kwenye kiti kimoja akijua kinachoonekana kutoka hapo na kisichoonekana.

— Nguzo ya ngazi, akasema.

— Na nyuma ya nguzo ya ngazi?

— Nusu ya tivii.

— Nusu ipi?

Kuponi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani, mabega yakipanda na kushuka.

— Ndiyo maana! akasema. Magoli si wanayaandika juu kushoto? Ndiyo maana kila mwaka tunakaa tunaulizana ngapi ngapi, ngapi ngapi, mpaka mtangazaji aseme. Hatujawahi kuuona ule upande! Hata mmoja wetu!

— Kwangu utaona ngapi ngapi, Kocha akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua hezi. Inchi themanini na tano.

— Kwako kuna sauna? Fyuzi akauliza.

— Kuna mashine ya Sirkka ya kukimbilia. Kuna zulia jipya.

— Rangi gani?

— Jeupe.

— Na bia?

— Sirkka anapenda bia zibaki juu jikoni. Kocha aligeuza kikombe, akachungulia ndani, akakuta kitupu. Nimelipa pesa nyingi, nyie watu.

— Tutakuja siku moja tuione, Kuponi alimwambia, na alimaanisha.

Muuzaji alitokeza kichwa mlangoni. Alisema wanafunga baada ya muda mfupi, na kwamba bei ile kesho haipo. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo Breki alijibu bila kupunguza mwendo.

— Acha iishe, kijana. Kesho nina wageni.

Wakaokota vikombe. Fyuzi akapeleka sahani. Kocha alibaki amekaa, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akaifungua, akaifunga tena.

— Shemeji, akasema. Kesho unawasha sauna saa ngapi?

— Saa tisa. Uje na mataulo mawili.

Jumapili simu ililia Breki akiwa chini anakausha mabenchi ya sauna.

— Nani alikuja wiki hii, baba? Kaija akauliza.

— Osmo alikuja. Gerard akaja, na viazi vya kupasha kwenye mawe. Lyle akaja wa kwanza, kabla moto haujashika. Na kuna mama mmoja, Noreen, katoka Marathon. Alipita na dada yake kuleta andazi, wakakaa jikoni mpaka mwisho. Nyumba ilijaa.

Kaija hakutaja fleti.

— Watu huku hawaongei kingine, akasema. Wanasema ni goli la mwaka. Lilifungwaje?

Breki alitazama televisheni. Nusu nyeusi, nusu kijivu, na nguzo ya ngazi mbele yake.

— Muulize shangazi yako Sirkka, akasema. Alibaki peke yake na zile inchi themanini na tano. Ndiye aliyeliona.